Baibui: Vazi Walilokutana Nalo Bibi na Mjakazi



Kila Idi ikikaribia, wateja wetu huja na swali moja: mwaka huu limetoka baibui gani? Mwaka mmoja huwa la kipepeo, mwaka mwingine la koti lililo wazi mbele, mwaka mwingine la lulu mikononi mpaka mtu akitaka kutia udhu inabidi alivue lote. Hatuna ugomvi na swali hilo, maana ndilo linalotulisha. Leo lakini tuligeuze kidogo, tuulize baibui lenyewe lilitoka wapi, na kabla halijafika visiwani kwetu wanawake walikuwa wakitoka nje na nini. Jawabu yake si tamu yote. Ina mambo ya utumwa ndani, na utumwa kwetu ni neno ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini, kila mmoja akiogopa asije kuulizwa bibi yake alikuwa upande gani.

Tuanze na jina. Hapa Unguja wengi tunasema baibui. Mombasa na Lamu utasikia buibui, sawasawa na yule mdudu anayetanda utando pembeni mwa dari. Wapo wanaosema limeitwa hivyo kwa weusi wake, na wapo wanaosema ni kwa namna linavyomzunguka mtu. Yote mawili yanaingia akilini, hatuoni haja ya kugombana. Vijana wa leo wanaliita abaya, lakini kwa fundi abaya na baibui si kitu kimoja. Tutafika huko.

Katika zama za Sayyid Said, aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, mavazi ya wanawake yalikuwa kama kitambulisho. Ukimwona mtu kwa mbali unajua ni nani. Tuna bahati kwamba mmoja wa mabinti zake, Sayyida Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, aliandika maisha yake. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, na kitabu chake kikatoka Ujerumani mwaka 1886. Kwa hiyo habari za mavazi ya ndani ya majumba yale tunazipata kwa mwanamke aliyeyavaa mwenyewe, na jambo hilo ni adimu. Ipo picha yake maarufu aliyopigwa huko Ujerumani akiwa amevaa mavazi ya kwao. Itazameni kwa jicho la cherahani: suruali yenye marinda kwenye vifundo vya miguu, juu yake kanzu inayoteremka chini ya magoti, kitambaa kichwani, na vito shingoni na mikononi. Hakuna kiuno kilichobanwa. Uzuri wote uko kwenye kitambaa na kazi ya mkono.

Hayo ni ya ndani. Nje ilikuwa habari nyingine. Mwanamke wa jumba kubwa hakutoka mchana ovyo. Alivaa barakoa usoni, ile iliyotiwa nyuzi za dhahabu au fedha, akajitanda nguo juu, na matembezi yake mengi yalikuwa ya usiku, watumwa wakitangulia na taa. Huko Mombasa na Lamu kulikuwa na shiraa. Neno hilo kwa Kiarabu ni tanga la chombo, na kwa kweli ilikuwa kama tanga: kitambaa kikubwa kilichosimamishwa juu ya miti, bibi akitembea katikati, na wajakazi wakishika miti hiyo huku na huku. Fikirini kidogo jambo hili. Sitara ya bibi ilibebwa na mikono ya mjakazi, na mjakazi mwenyewe hakuwa na wa kumbebea. Jua lake, vumbi lake, macho ya watu juu yake.

Yeye alivaa nini? Alivaa merikani. Ilikuwa pamba ngumu isiyopaushwa, yenye rangi ya maziwa yaliyokaa, iliyoletwa na meli za Salem, Massachusetts, baada ya Sayyid Said kufunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Ndiyo maana ikaitwa merikani. Ilipindwa chini ya makwapa ikafungwa kifuani, mabega wazi. Tukisoma habari za nguo hii kuna kitu kinatuchoma: pamba ya viwanda vile ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, Waafrika vilevile, ikafumwa, ikavuka bahari mbili, ikaja kuvalishwa watumwa wa mashamba ya mikarafuu Unguja na Pemba. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, viliikata biashara ile, na nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi. Jina likabaki merikani hata kama nguo imetoka Bombay.

Kulikuwa pia na kaniki, merikani iliyotiwa nili mpaka ikawa buluu iliyokoza, karibu na nyeusi. Kaniki haioneshi uchafu, na ndiyo sababu ikawa nguo ya kazi. Wekeni akilini rangi hiyo, maana baadaye kidogo weusi utageuka maana.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini kufunga soko si kumwacha mtu huru. Tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed, akiwa chini ya shinikizo la Waingereza, alitoa amri ya kuondoa hadhi ya utumwa Unguja na Pemba. Haikuwa kwamba watu waliamka asubuhi wako huru. Mtu alitakiwa aende mwenyewe kudai uhuru wake, apewe karatasi yake. Na wanawake waliokuwa masuria waliachwa nje ya amri ile mpaka mwaka 1909, miaka kumi na mbili nzima. Katika pwani ya Kenya sheria ilikuja mwaka 1907.

Sasa mwanamke ameshika karatasi yake. Ametoka shamba, amekuja mjini, amepata chumba cha udongo Ng'ambo, ng'ambo ya mkono wa bahari uliotenganisha mtaa wa wanyonge na Mji Mkongwe. Anachuma karafuu msimu ukifika, anafua nguo za watu, anateka maji kwa ujira. Senti za kwanza anazopata ni zake. Mwanahistoria Laura Fair, aliyezungumza na wazee wengi wa Ng'ambo na kuandika kitabu juu ya Unguja ya zama zile, anaonesha kwamba senti hizo ziliingia sana kwenye nguo. Wapo watakaosema huo ni ubadhirifu, mtu hana hata kitanda cha maana ananunua kanga. Sisi tunaouza nguo tunalijua jambo hili vizuri zaidi kuliko wachumi. Mtu aliyevalishwa na mwingine umri wake wote, siku atakayojivika mwenyewe hatochagua merikani.

Alichagua kanga kwanza. Kanga ilikuwa imeshaanza pwani yetu tangu miaka ya 1870 na 1880. Wanawake walinunua leso za rangi zilizokuwa zikiuzwa zikiwa zimeungana kwenye jora, wakakata sita kwa pamoja, wakazishona tatu juu ya tatu wakapata nguo moja pana. Leso lenyewe ni neno la Kireno, na watu wa Mombasa mpaka leo kanga wanaiita leso. Baadaye wafanyabiashara wakaanza kuagiza nguo nzima iliyopigwa chapa tayari. Zile za mwanzo inasimuliwa zilikuwa na madoa meupe kama manyoya ya ndege kanga, likapatikana jina. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, ambalo wote tunalijua kwa chapa ya Mali ya Abdulla, lilianza mwaka 1887. Majina ya kanga yalikuja mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, maana ndizo walizosoma watu chuoni. Kanga ina mengi ya kusemwa, na mafumbo yake peke yake ni somo zima. Tuiache hapo kwa leo.

Baibui lilifuata. Asili yake inahusishwa na Arabuni ya kusini, upande wa Hadhramaut, ambako biashara na ndoa zimetuunganisha tangu zamani. Lilianza kuonekana kwetu mwishoni mwa karne ya 19, na kufikia miongo ya mwanzo ya karne ya 20 lilikuwa limeenea Unguja mjini. Walilolipokea walikuwa watu wa pande mbili kwa wakati mmoja, kila upande kwa sababu yake.

Upande wa kwanza ni mabibi. Utumwa umeondoka, nani atashika miti ya shiraa? Nani atatangulia na taa? Nani ataenda sokoni na kupeleka salamu kwa shoga? Bibi mwenyewe. Akahitaji vazi la kumsitiri bila ya msaidizi. Baibui ni shiraa iliyopungua ikawa ya mtu mmoja, anayeibeba mwenyewe.

Upande wa pili ni wale waliotoka kwenye merikani. Kujifunika mwili mzima kulikuwa jambo la waungwana. Sasa hapana aliyeweza kuwazuia. Mwanamke aliyekuwa akipita mabega wazi na mzigo kichwani, leo anapita Darajani amejifunika tangu utosi mpaka vidole vya miguu, na anayekutana naye hajui ni binti wa nani. Inabidi amsalimie kwanza. Na rangi ni nyeusi! Weusi ule ule wa kaniki, uliokuwa rangi ya jembe na kuni, sasa ni rangi ya heshima. Hatujui kama kuna vazi jingine lililogeuza maana ya rangi namna hii.

Hatutaki mtu aseme kwamba ilikuwa kujionesha tu. Watu waliotoka utumwani walikuwa pia wakiitafuta dini yao kwa miguu yao wenyewe. Zama zile twarika, hasa Qadiriya, zilivuta watu wengi waliokuwa wanyonge, na wanawake wakiwemo. Mtu anayeingia kwenye dhikri anataka kuingia amesitirika. Aya zinazoongoza vazi la mwanamke tunazijua, ile ya 31 katika Suratun-Nur na ile ya 59 katika Suratul-Ahzab, na mwalimu yeyote wa chuo atakwambieni kwamba hazikutaja rangi wala mshono. Zimetaja sitara. Weusi na mkato wake ni mambo ya watu na mila zao, na kabla ya baibui waumini wa visiwa hivi walijisitiri kwa njia nyingine. Tunalisema hili kwa sababu kuna wateja wanaotukemea tukiwashonea wenzao la kahawia au la kijani kibichi, kana kwamba tumetoka kwenye dini.

Ukitaka kuelewa mabadiliko ya zama zile kwa mtu mmoja, mtazame Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, katika familia ya wafinyanzi, wazee wake wakitokana na utumwa. Jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa. Akiwa mkubwa alikuwa akitembeza vyungu na kuimba ili wanunuzi wamsikie. Mwaka 1911 akahamia mjini, sauti yake ikamfungulia milango, akapewa jina la Siti, yaani bibi, na mwaka 1928 akavuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Kutoka Mtumwa mpaka Siti katika umri wa mtu mmoja: safari hiyo hiyo wenzake wengi wasioandikwa vitabuni waliifanya kwa nguo.

Tuje kwenye mshono sasa, maana hapa ndipo tunapojisikia nyumbani. Baibui la kizamani halina mikono. Halina mabega. Ni shuka pana jeusi lililoungwa likashonwa ubavuni, likawa kama mfuko usio na kitako. Juu kuna utepe wa kufungia kichwani, na sehemu inayozidi huangukia nyuma, au huvutwa mbele kufunika uso mtu akitaka. Kilichobaki kinashikwa na mikono yenyewe kwa ndani. Mteja mmoja alituletea la marehemu bibi yake tulitengeneze pindo. Tulilitandaza juu ya meza likaifunika yote na kuning'inia pande nne. Mishono yake ilikuwa ya mkono, midogo na sawa kama ya cherahani. Tulitafuta alama ya mkasi kwenye shingo hatukuiona, kwa sababu shingo haikukatwa. Kitambaa hakikupotea hata kipande. Wanafunzi tunaowafundisha kukata walisimama kimya, maana wao wamezoea kubakisha vipande vya kujaza kiroba.

Na uzuri wake uko hapo. Vazi la namna ile halina saizi. Mama akinenepa linamwenea, akikonda linamwenea, akiwa mjamzito linamwenea, akifa binti yake analivaa. Ndani mtu anaweza kuvaa kanga iliyochakaa au gauni la hariri, na barabarani wote wako sawa. Kwa mwanamke asiye na kitu hiyo ilikuwa rehema kubwa. Lilikuwa pia na uchokozi wake: mwanamke hodari wa kulivaa alijua namna ya kuliachia kidogo na kulivuta tena, na mashairi na mafumbo ya taarabu hayakuliacha hilo lipite hivi hivi.

Kasoro yake ni moja tu, mikono. Umeshika baibui, utashika kikapu na mtoto kwa nini? Dada zetu walipoanza kwenda skuli na maofisini, kupanda gari, kuandika ubaoni, vazi la kushikilia likawa linawachelewesha. Katika miaka baada ya Mapinduzi ya 1964 nguo nazo zilikuwa adimu, na wazee wanakumbuka foleni za vitambaa za miaka ya 1970. Katikati ya miaka ya 1980 biashara ikafunguliwa, watu wakaanza kwenda Dubai na kurudi na mizigo. Ndani ya mizigo ile mlikuwa na abaya.

Abaya ni gauni. Ina mabega, ina mikono, ina shingo, hukatwa kwa vipimo, na kichwa hufunikwa kwa mtandio wake peke yake. Kwa hiyo vazi moja likawa mawili, na mikono ikawa huru. Sisi tunaona lilikuwa badiliko la haki, na anayelilaumu ajaribu kumbeba mtoto ndani ya daladala huku ameshikilia shuka. Ila tuseme na la pili: lilipopata mabega na kifua, likapata na kiuno. Tangu hapo kazi yetu imekuwa kuvutana na wateja juu ya nchi mbili. Yeye anataka tuingize nchi mbili kiunoni, sisi tunataka tuziache. Mara nyingi yeye ndiye mwenye pesa. Tunachofanya ni kumwambia ainame, akae, anyanyue mikono mbele ya kioo, kisha aamue mwenyewe. Wengi hurudisha nchi moja.

Kwa kitambaa, tunapenda nida kwa sababu inaanguka vizuri, haibani na haishiki mwili kwa jasho la kaskazi. Satini inang'aa lakini inaonesha kila mkunjo. Krepu ni nzuri ila ile ya rahisi inachakaa haraka kwenye makalio. Abaya zilizokuja tayari zimeshonwa nyingi ni za bei ya kutushinda sisi mafundi, hatulifichi hilo. Geuzeni ndani kabla ya kulipa. Kama mshono umeachiwa ukingo mwembamba kama uzi, mtakapotaka kulipanua hakuna cha kupanua.

La kizamani hulioni tena barabarani isipokuwa kwa wazee wachache, na kila mwaka wanapungua. Kama bibi yako ana lake ndani ya kasha, usilikate ukafanya mtandio. Litoe, lipunge upepo kivulini, si juani, maana weusi wa zamani ukipigwa na jua hugeuka wekundu. Kisha mwombe akufunge yeye mwenyewe, polepole, na wewe uangalie mikono yake. Sisi kukata tunakuweza. Kufunga kwenyewe bado kuna mabibi wawili tu mtaani kwetu wanaotufundisha, na mmoja wao macho yameanza kupungua.